Koti Lililofuliwa

Binti alikuwa ameshalisugua koti mara mbili, na povu limekuwa rangi ya chai, mama yake alipotokea mlangoni akapiga yowe.

"Umemuua! Mwanangu, umemuua!"

Binti akabaki ameshika ukosi. Koti lenyewe lilikuwa linanuka beberu. Miezi miwili halijaguswa na maji, naye alidhani anampunguzia mama kazi.

Lilikuwa koti la baba, aliyekuwa mlezi katika kituo cha wanyama yatima. Mwaka jana alimpokea ndama wa kifaru aliyejeruhiwa mguu na mtego wa waya, mama yake ameshauawa na majangili. Baba alimwita Bwana Mkubwa, kwa jinsi alivyodai maziwa yake kwa kumpiga mtu kichwa cha tumbo. Kifaru macho yake ni pambo tu, humjua mtu kwa pua. Ndama yule alilijua koti lile.

Kisha baba akafariki ghafla. Mama akajifungia chumbani, hali, hanywi. Uji ukiingia wa moto unatoka wa baridi. Siku ya kumi na moja mkuu wa kituo alikuja nyumbani mwenyewe, akasimama nje ya mlango wa chumba.

"Shemeji, mtoto hanyonyi. Asipoisikia harufu ya marehemu tutamzika na yeye. Njoo na koti."

Mama akainuka. Tangu hapo kila asubuhi alikwenda kituoni na koti mabegani, akarudi jioni na matope mpaka magotini, akisimulia vituko vya Bwana Mkubwa huku wanakula. Binti alimshukuru sana mnyama yule, ingawa hakuwahi kumwona.

Na leo amemmaliza kwa kipande cha sabuni.

Mama alirudi kitandani, akageukia ukuta. Binti akalikamua koti, akatoka nalo mbio mpaka kituoni. Njia nzima alijilaani.

Alimkuta mkuu penye uzio.

"Mzee, nisamehe. Nimelifua, sikujua. Hakuna namna yoyote? Nyumbani yapo mashati yake, labda..." Kilio kikamzidi.

Nyuma ya mkuu, ndani ya uzio, mpishi wa kituo alikuwa amesimama na aproni yake ya jikoni, chupa ya maziwa mkononi. Bwana Mkubwa alikuwa akinyonya kwa pupa, mkia unacheza.

Binti akafuta macho, akatazama tena.

"Ananyonya kwa mpishi?"

"Kwa yeyote yule, mwanangu. Hajakataa chupa hata siku moja."

Mkuu akalipokea koti, likimdondoshea maji viatuni, na uso ukamshuka.

"Mama amekula leo?" akauliza.