Taa ya Kati

"Umeikata waifai makusudi, mchawi wewe, ili mwanangu asinipate!"

Kikombe cha tatu cha kahawa ya Fasika, sikukuu ya Pasaka, kilikuwa kimepoa, na simu kutoka Dubai ilikuwa haijalia. Wubalem alimpa mgongo mama mkwe wake aliyekuwa akifoka. Alipanda kigoda, akafunua kitambaa cha kufuma kilichofunika kisanduku cha waifai.

Taa ya umeme iliwaka kijani, ya waya kijani, ya waifai kijani pia. Kisanduku kilikuwa kizima. Ni mumewe tu ambaye hakutaka kupiga.

"Haya, sema! Kimeharibika, hakijaharibika?"

Akiwa bado amempa mgongo, Wubalem alibonyeza kwa ukucha kishikizo cha waya wa intaneti, ukachomoka. Taa ya kati ikawa nyekundu.

"Kimeharibika, mama."

"Si nilisema!" Uso wa mama mkwe ukanawiri. "Una mkono wa nuksi wewe. Maskini mwanangu, saa hizi anahangaika kunipigia!"