Kadi Iliyochelewa Kuliko Zote

“Nataka ichelewe,” alisema Fabian. “Kama ilivyokuwa mwanzo.”

Sultana alidhani hakusikia vizuri. Miaka sita ya ufundi katika duka la baba yake, pale Barabara ya Sita, hakuwahi kuona mteja anayelalamika kwamba kifaa chake kina kasi. Juzi tu mtu huyuhuyu alikuwa ameleta kifaa hiki cha gemu cha mkononi, kitufe kimoja kimegoma. Sultana alipoona gemu linachukua sekunde hamsini na mbili kufunguka, akaingiwa na huruma, akahamishia kila kitu kwenye memori kadi mpya. Sekunde tisa. Alimwandikia hata kwenye risiti, akitarajia asante.

“Ile ya zamani ilivunjika nikiitoa, mzee. Nilikwambia.”

“Uliniambia. Basi nitafutie nyingine, mbovu kama ile.”

Shati la Fabian halikupigwa pasi, kitambulisho cha ofisi kilikuwa kimegeuka kinyumenyume kifuani. Mgongoni mwa kile kifaa kulikuwa na jina limeandikwa kwa kalamu nene: JORDAN, herufi ya mwisho imegeuzwa kama watoto wanavyokosea.

“Ni ya mtoto wako?”

“Ya Jordan.” Alikifuta kifaa kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi. “Mwezi uliopita alikuwa anatoka Mpwapwa na mama yake, kwa bibi. Gari likapinduka. Walikuwa wawili tu, mama yake kwenye usukani. Mimi nilikuwa kikaoni, simu nimezima.”

“Innalillahi,” alinong’ona Sultana. “Pole sana, mzee.”

“Nyumba imekuwa kimya, binti. Msemaji ni mimi peke yangu.”

Sultana alivuta boksi la memori kadi kuukuu kutoka chini ya kaunta, akaanza kuzijaribu moja baada ya nyingine: ananakili gemu, anachomeka, anawasha, anapima kwa simu yake. Sekunde kumi na nne. Ishirini na moja. Kumi na tisa. Nje upepo wa Agosti ulikuwa unasukuma vumbi mpaka kwenye mlango wa kioo. Fabian alikuwa ameegemea kaunta, hapepesi macho, anakitazama kiduara kinavyozunguka. Kila gemu lilipofunguka alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekatiwa simu.

“Lakini kwa nini, mzee? Watu wote wanataka haraka.”

“Kile kiduara kikiwa kinazunguka,” alisema, “ndipo namsikia.”

Mikono ya Sultana ilisimama. “Unamsikia nani?”

“Jordan.”

Alilitamka bila kupunguza sauti, kama anayejibu swali la kawaida kabisa.

“Ananisimulia ilivyokuwa siku ile. Anaanza bibi alivyowafungia karanga. Halafu mbuzi waliokuwa wanavuka barabara. Akikaribia kwenye kona, gemu limefunguka, ananyamaza. Kesho yake anaanza upya, kwa bibi tena, karanga tena. Nimembembeleza aniambie wakati mwingine, mpaka nimelia mbele yake. Hasemi neno. Ni pale tu.”

“Na kwa kadi mpya?”

“Sekunde tisa? Anasema ‘Baba’, basi. Tangu juzi nasikia ‘Baba’ tu.”

Sultana alifikiria kumwambia ukweli kwa upole: mzee, nenda hospitali, zungumza na mtu. Alifikiria pia kudanganya kwamba kadi zimekwisha. Lakini kwenye simu yake mwenyewe kulikuwa na ujumbe wa sauti wa marehemu mama yake, wa kumwagiza vitunguu, na kila Ijumaa huufungua akausikiliza mpaka mwisho. Yeye ni nani wa kumkataza mwenzake?

Akaingiza tena mkono ndani ya boksi. Chini kabisa ilibaki kadi moja, maandishi yake yamefutika yote. Ilimeza gemu kwa shida, mara mbili ikakataa, ya tatu ikakubali. Akaichomeka, akabonyeza simu.

Ishirini. Thelathini na tano. Kiduara kikakwama, kikatikisika, kikaendelea. Hamsini na mbili ikapita. Midomo ya Fabian ilikuwa inacheza, anahesabu kimoyomoyo. Sitini.

“Sabini na moja,” alisema Sultana.

Fabian alijifunika uso kwa viganja vyote viwili.

“Hiyohiyo,” alisema hatimaye. “Atamaliza.”

Alikichukua kifaa, akatoka karibu mbio, simu yake akaisahau kwenye kaunta. Sultana aliinyakua akamfuata. Gari la Fabian lilikuwa limeegeshwa ng’ambo ya barabara, kioo cha nyuma kimeshushwa nusu, na yeye alikuwa ameshaingia, hakukaa mbele kwenye usukani, alikaa nyuma. Sultana alinyoosha mkono agonge kioo. Mkono ukabaki hewani.

Kando ya Fabian alikaa mvulana wa miaka kumi hivi, mguu mmoja umefungwa plasta ngumu ya hospitali mpaka gotini, amekikumbatia kile kifaa kwa mikono miwili. Mwanga wa kiduara ulikuwa unazunguka usoni pake. Simulizi yake ilikuwa imeshapita karanga, imeshapita mbuzi.

“Baba,” alisema bila kuinua macho, “tulipofika kwenye ile kona, nilimwambia mama atazame gemu langu. Akatazama.”