Mkasi, Ndege na Bibi

Mjukuu alifungua kompyuta ya bibi yake, fundi cherehani, akashika kichwa. Kwenye mstari wa juu wa kivinjari cha intaneti, picha zote alizompangia bibi asiyejua kusoma zilikuwa zimefutwa. Picha ya mkasi, ya kufungulia ukurasa wa mishono mipya ya nguo, haipo. Picha ya ndege, ya kumpigia mama yake mjukuu aliye ng'ambo, nayo haipo. Yamebaki maneno matupu.

"Bibi! Nani kachezea alama zako?"

"Mimi."

Bibi aliacha cherehani, akaweka kwenye kioo cha kompyuta kidole kilichotobolewatobolewa na sindano. Kikatambaa polepole.

"Mi-sho-no," akasoma. Kikasogea. "Bi-nti ya-ngu."

Akabonyeza. Simu ikaanza kuita.

"Wewe kimya," alisema, akivuta gazeti la kukatia vipimo vya nguo. "Leo namsomea mama yako."