Mkono Usio na Pua

Roboti ilimwokota samaki aliyeoza, ikamlaza ndani ya kopo kwa ustadi uleule ilioutumia kwa samaki wazuri.

Mama Pua, kama walivyomwita kiwandani kwa kuwa hakuna uvundo uliompita, alisimama kando yake kwenye meza moja. Tangu mwezi uliopita walifanya kazi pamoja: yeye anaosha na kukagua, mkono ule wa chuma unapanga. Tumbo la samaki yule lilikuwa limepasuka, na ute wa kijani ulichuruzika kwenye vidole vya mpira vya roboti. Harufu ilimfikia Mama Pua puani, akamgeukia msimamizi.

"Bosi, huu mzigo wote umeoza."

Msimamizi alikuwa amejiziba pua kwa kitambaa. "Roboti haijalalamika, mama. Wakishatiwa nyanya na pilipili, nani atajua?"

"Wewe utakula samaki hawa?"

"Mimi sili samaki."

Mama Pua alimtazama, na kinyaa alichowaonea samaki kikahamia kwa mtu huyu. Hata kucha zake safi zilimchefua.

Mkono wa chuma ulikuwa unarudi na samaki mwingine. Siku ya mafunzo waliambiwa kwamba ukimgusa mtu unasimama wenyewe, usije ukamuumiza. Mama Pua alivua glavu, akanyoosha mkono wake mtupu njiani. Chuma kilimgusa kwenye kiwiko, kikatulia. Mkanda unaobeba makopo nao ukasimama.

"Toa mkono, mama."

"Njoo uutoe wewe," alisema, huku ute ukimdondokea.