Mshumaa Usio na Ruhusa

Kati ya mishumaa yote iliyoshikwa kanisani Jumapili ile, wa mshonaji peke yake ndio uliokatazwa kuwashwa. Alikuja nao hata hivyo.

Kanisa lao lilikuwa na desturi. Kila Jumapili ya pili ya Pasaka, waliofiwa mwaka ule walijipanga mbele ya birika la ubatizo. Kasisi alisoma jina la marehemu, kengele ikagongwa, na ndugu zake wakawasha mshumaa wao kutoka kwenye ule mkubwa wa Pasaka. Lakini walisomwa waliobatizwa tu, na mtoto wa mshonaji alikufa kabla maji hayajamgusa kichwa.

"Usinitie aibu," mama mkwe alimnong'oneza. "Kasisi alishakwambia hapana. Sasa hapana ya kasisi unataka uifumue, uishone upya?"

"Nasimama tu, mama."

"Ungesimama hivyo nilipokwambia mtoto abatizwe mapema. Ukasema ngoja Pasaka, ngoja gauni liishe. Haya, gauni si liliisha?"

Gauni liliisha kweli, na ndilo mtoto alilozikwa nalo. Walimzika wakati wa Kwaresima, bila kengele wala wimbo, kasisi akiwa amesimama pembeni kama mtu anayengoja mvua ipite. Tangu siku hiyo mshonaji alitaka jambo moja tu duniani: jina la mwanawe lisomwe, mara moja, pamoja na ya wenzake. Apate kujua kwamba hakumfungia mwanawe mlango kwa sababu ya lesi na vifungo.

Majina yakaanza. Kengele, moto. Kengele, moto. Mstari ukasogea mpaka akajikuta uso kwa uso na kasisi.

"Mama," kasisi alisema kwa sauti ya chini, "haya tuliyazungumza."

"Ni jina fupi, baba. Halitakuchelewesha."

"Si suala la urefu. Utaratibu huu sikuuweka mimi, na siwezi kuupinda kwa sababu ya machozi."

Huko nyuma, kwenye benchi la mwisho, mtu akasimama. Alikuwa nesi wa wodi ya watoto, yule aliyechaguliwa kuwa mama wa ubatizo wa mtoto. Ndiye aliyemuuguza alipolazwa kwa homa ya kifua, na ndiye aliyemfumba macho alipokata roho. Tangu msiba ule alikonda, akahamia benchi la nyuma, na wengine walipokwenda kupokea Ushirika yeye alibaki amekaa, ameinamisha kichwa. Watu walisema huyo ndiye rafiki, msiba wa mwenzake kaufanya wake.

"Alibatizwa," nesi alisema. "Nilimbatiza mimi."

Kanisa zima liligeuka. Mama mkwe akashika kifua.

Mshonaji alimtazama rafiki yake akajua ni uongo. Ulikuwa uongo wa huruma, wa shoga aliyechoka kumwona akilia. Kama ingekuwa kweli, si angemwambia siku ile ile ya mazishi? Akamwomba Mungu, mle mle ndani ya nyumba yake, uongo ule ushike.

Kasisi alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani. Kanuni aliijua: mtoto akiwa kufani, Mkristo yeyote aweza kumbatiza, na ubatizo huo hauna wa kuutengua. Lakini awe kufani. Hakuna anayembatiza mtoto wa watu wodini, nyuma ya mgongo wa wazazi, kama haoni kifo kinakuja.

"Mbona umenyamaza wiki zote hizi?"

"Niliogopa."

"Ulimbatiza lini?"

"Asubuhi ya siku aliyofariki."

"Kwa maji?"

"Maji ya bomba, kwenye kikombe cha dawa. Mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Mama yake alikuwa wapi?"

Nesi alishika mgongo wa benchi lililokuwa mbele yake. "Bafuni, anaoga. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemdunga sindano yake."

"Unaapa mbele ya madhabahu hii?"

"Naapa."

Kasisi akafungua kitabu. Jina likasomwa, fupi, wazi, likapanda mpaka darini, na kengele ikalifuata. Mama mkwe alimwangukia mshonaji begani, analia. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuonea. Nisamehe." Mshonaji akauinamisha mshumaa wake kwenye ule mkubwa, ukashika moto.

Na hapo akakumbuka. Haukuwa uongo. Alipotoka bafuni asubuhi ile, nywele za mtoto zilikuwa zimelowa, na nesi alikuwa amempa mgongo, anafuta kikombe kwa kitambaa. "Nimempangusa jasho," alisema, bila kugeuka. Furaha ikamjaa mshonaji. Mwanawe alibatizwa, alibatizwa kweli. Akageuka amtafute rafiki yake, amshukuru hata kwa macho.

Benchi la mwisho lilikuwa tupu.

Akakumbuka na kilichofuata asubuhi ile. Alimpakata mtoto na kichwa chake kibichi, akamweka titini, naye akanyonya kwa pupa huku anarusha miguu; na daktari alipopita, alimgusa shavu, akacheka, akasema huyu amepona, mchana mwende nyumbani. Hakuna aliyekiona kifo asubuhi ile, ila yule aliyeshika sindano.