Kitambaa Kwenye Swichi

Fundi Shekue alipiga magoti mbele ya boila, akakuta swichi yake imefungwa kwa kitambaa ili isishuke.

"Nani kafunga hii, Bi Mwanahawa?"

"Mimi. Maji yakipungua tu, inazima moto. Na Salha ana siku tisa tangu ajifungue. Mzazi asipokandwa kwa maji ya moto, si ataharibika?"

"Boila limekaribia kukauka, mama. Likizidi kuwaka hivi litapasuka, na ukuta huu uende nalo."

Nyuma ya ukuta ule ndiko alikolala Salha. Kichanga chake walikizika siku ya pili, na kumkanda ndilo jambo pekee ambalo Bi Mwanahawa aliona bado anaweza kumfanyia mwanawe.

Fundi alinyoosha mkono.

"Niache. Nilifunga mwenyewe."

Bi Mwanahawa akakifungua kitambaa polepole. Kilikuwa kipande cha kanga ya kumpokelea mjukuu. Swichi ikashuka, moto ukazimika.

"Mama," Salha aliita, "maji tayari?"

"Bado, mwanangu."

Alitoka uani, akakomba maji ya mwisho ya pipa, akateleka sufuria juu ya mafiga. Kuni zilikuwa mbichi. Aliinama akapuliza, akapuliza tena, na moshi ukamfunika uso.