Mashine ya Kufungua Njia

Urho Kangas aliingiza mkono mzima kwenye bomba la mashine ya kuondolea theluji, lile linaloitema, akaligeuza kushoto, akaligeuza kulia, kisha kushoto tena. Lilizunguka vizuri. Hata hivyo aliuliza.

"Linageuka mpaka wapi?"

"Mpaka unakotaka, Mzee Urho," Marlys akamjibu. "Ila usilielekeze kwenye upepo. Utakula theluji mpaka ushibe."

Marlys ndiye aliyekuwa na duka la matrekta pale mjini, na alimfahamu mzee huyu tangu enzi za marehemu mkewe, Lempi. Alilijua pia trekta lake: dogo, la rangi ya chungwa, la kulimia bustani tu. Kwa hiyo alikuwa amemchagulia mashine nyepesi ya kufungwa mbele, ambayo mtu huiendesha huku akiangalia aendako. Ile aliyoing'ang'ania Urho ilikuwa ya kufungwa nyuma. Ilirusha mbali kuliko zote, lakini dereva wake hurudi kinyumenyume kutwa nzima, shingo imepinda kama kuku aliyesikia mwewe. Na shingo ya Urho ilikuwa mbovu. Hata kugeuka kanisani kumsalimu jirani ilikuwa kazi. Marlys akamkumbusha hilo. Urho akasema shingo ni yake, ataikanda mwenyewe.

Kisha akataka kujua kama mashine ile itaweza kutafuna theluji ya zamani, iliyolala kando ya njia mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Marlys akacheka. Kila mteja aliuliza hivyo, kwa sababu greda la serikali lilipita barabarani kila asubuhi na kumwachia kila mwenye nyumba ukuta wa theluji pale njia yake inapoanzia. Akasema inatafuna, ila polepole. Urho akasema yeye hana haraka ya kwenda popote.

Sababu ya kununua Marlys hakuiuliza. Mji mzima uliijua. Majira ya baridi yaliyopita, Rodney, mtoto wa pekee wa Urho, alitoka Detroit kuja kumwona. Alifika kwenye sanduku la barua pale barabarani, akaona njia ya kwa baba yake imefunikwa, akapiga simu bila kushuka garini. Alisema njia imefunga, basi wataonana siku nyingine. Urho alikuwa amesimama dirishani, kahawa ameshaimimina katika vikombe viwili. Aliziona taa za gari zikigeuza. Akavinywa vyote viwili yeye mwenyewe, na tangu siku ile upweke ulimkaba hasa. Kuna siku aliwasha redio ili tu asikie mtu akitaja hali ya hewa.

"Safari hii Rodney hana kisingizio," Marlys alimwambia alipomaliza kuifunga mashine.

"Hana," Urho akasema.

Rodney alifika Jumamosi adhuhuri. Njia ilikuwa pana na safi kutoka barabarani mpaka barazani, kingo zake zimesimama kama zimekatwa kwa kisu. Alimkumbatia baba yake, akaisifia mashine, akaketi ukingoni mwa kiti na koti lake mwilini. Kahawa ilikuwa ya moto. Mkate wa iliki Urho aliuoka mwenyewe, akibahatisha mkono wa Lempi. Rodney alikula kipande kimoja huku akitazama simu. Mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini mgeni huyu hata kiti hakijapata joto, keshaanza kuaga. Alisema saa tisa lazima awe barabarani, maana kesho ana mambo yake.

Urho akachungulia moshi dirishani.

"Sauna imeshapata moto," alisema. "Huwezi kuondoka nyumba hii hujaoga, mwanangu. Mama yako angenisuta."

Kwa Wafini kama wao, watu wenye asili ya Finland, Jumamosi bila sauna, yaani bafu la mvuke, si Jumamosi, na sauna haikimbizwi: unakaa, unayamwagia mawe ya moto maji, unatoka jasho, unamwagia tena. Hatimaye Rodney akavua koti. Akauliza mbona wasiingie pamoja.

"Tangulia. Nataka kuipitisha mashine njiani kwanza."

"Usijichoshe, Baba. Mbona iko safi?"

"Haijakaa ninavyotaka."

Urho akapanda trekta. Akaanzia kule kwenye sanduku la barua na kuja taratibu kuelekea nyumbani, akirudi kinyumenyume, akiligeuza bomba mara upande huu, mara upande ule. Shingo ilimuuma hadi machozi yakamlengalenga. Mara mbili mashine ilikwama kwenye theluji ngumu. Akashuka, akaisaidia kwa koleo, akapanda tena. Moshi wa sauna ulipopungua kwenye dohani aliingiwa na wasiwasi, akamwomba Mungu mawe yasipoe upesi. Yeye si mtu wa kuomba ovyo.

Rodney alitoka mwekundu, nywele zikifuka mvuke, begi begani na funguo za gari mkononi. Akasimama barazani. Kutoka kwenye sanduku la barua mpaka kwenye bampa ya gari lake, theluji yote iliyokuwa kando ya njia sasa ilikuwa njiani, nayo ilimfika mtu kifuani.

Urho alizima trekta, akapangusa miwani, akamwambia mwanawe kwamba chakula cha jioni ni samaki, na kitanda chake kimetandikwa tangu Jumatatu.